Mbwa Anakufukuza Ukiwa kwenye Baiskeli: Dalili, Sababu na la Kufanya Hapa Mombasa

Waulize wapeleka mikate wa Kisauni, wachuuzi wa samaki wanaotoka ufuoni na vikapu nyuma, au vijana wanaofanya mazoezi Nyali alfajiri. Malalamiko yao kuhusu mbwa ni machache na yanajirudia: yule wa getini, yule anayekuja na kisigino, yule anayekatiza ghafla, lile kundi la usiku. Tatizo ni kwamba watu hutumia dawa moja kwa yote. Kinachomrudisha mbwa koko wa sokoni humtia ukali zaidi jike mwenye watoto, na kelele inayomshtua mmoja humpandisha mwengine hamaki. Ndiyo maana hapa mambo yamepangwa kwa dalili. Tafuta yako, anza na lililo rahisi, na ukifika mahali palipoandikwa simama, simama kweli.

Kabla ya yote, shika mambo mawili.

La kwanza, mbwa wengi hawakufukuzi wewe, wanafukuza mwendo. Kitu kinapita kwa kasi, miguu inapanda na kushuka, gurudumu la nyuma linalia tiktiktik ukiacha kukanyaga pedali. Mwendo ukiondoka, sababu ya kukimbia nayo inapungua. Mara nyingi mbwa aliyekuwa akibweka kama atakula mtu husimama akiona baiskeli imesimama, akabaki hajui afanye nini.

La pili, meno siyo hatari ya kwanza. Hatari ya kwanza ni kuanguka, hasa kuangukia upande wa barabara penye matatu na malori. Ya pili ni kichaa cha mbwa. Ushauri wote ulioko hapa chini unazingatia hizo mbili: usianguke, na ukiumwa usidharau.

Mbwa yule yule, geti lile lile, kila siku

Hili ndilo lalamiko kubwa la Nyali, Kizingo, Tudor na Shanzu, penye nyumba za ua na mbwa wa kulinda. Mji wa Kale hulisikii sana. Kule utakutana na paka kumi kabla hujamwona mbwa mmoja.

Sababu ya kawaida kabisa ni kwamba analinda mpaka wake, na mpaka wake hauishii getini. Kwa akili yake unafika mpaka kwenye nguzo ya stima au mtaro wa jirani. Sababu ya pili inaifuata ya kwanza: kila siku anabweka, kila siku unakimbia, na yeye anahesabu ushindi. Ameshajifunza kwamba kubweka kunafanya kazi. Ya tatu ni saa. Geti huachwa wazi magari yanapotoka asubuhi, au soja anapofagia mbele ya nyumba. Ya mwisho, ambayo ni nadra, ni mtu wa nyumba ile kumchochea kwa kujifurahisha.

Anza kwa kutazama. Siku moja pita ukiwa mbali, upande wa pili wa barabara, uone anaishia wapi. Karibu kila mbwa wa geti ana mahali pake pa kusimama, na pakiwa pale pale siku zote, umeshapata nusu ya dawa: unajua ni hatua ngapi tu za kuvumilia. Kabla hujafika, punguza kasi. Ukifika mbele ya geti acha kukanyaga, iache baiskeli iserereke yenyewe, macho yako yawe barabarani wala si kwa mbwa. Akitoka, mwambie kwa sauti nzito, fupi, ya kuamrisha: "Rudi! Nyumbani!" Usipige mayowe. Sauti nyembamba ya hofu inamwambia kwamba mchezo umeanza.

Isiposaidia, zungumza na soja. Watu wengi huliruka jambo hili, na binafsi naona ndilo lenye faida kuliko yote. Simama wakati mbwa yuko ndani, salimu vizuri, usianze na lawama:

"Salaam aleikum mzee wangu. Habari za kazi?"

"Waaleikum salaam. Nzuri, kijana. Karibu."

"Napita hapa kila asubuhi na baiskeli. Huyu mbwa wenu anaitwa nani?"

"Huyo ni Simba. Hana neno huyo, ni kelele tu."

"Kelele zake zitanitupa chini ya matatu, mzee. Tafadhali, saa kumi na mbili mfungie mpaka nipite."

Umepata vitu viwili kwa mazungumzo mafupi: jina lake na mtu wa kumfungia. Mbwa anayeitwa kwa jina lake na mtu anayekuja juu ya baiskeli husita, na kusita kwake kunakutosha kupita. Angalia pia chini ya geti ukiwa hapo. Kama mchanga umechimbwa na pua inachungulia, tatizo si geti kuachwa wazi. Mbwa anatokea chini, na mwenye nyumba anahitaji jiwe au tofali pale, si maneno.

Simama hapa: mbwa akishamuuma mtu mmoja mtaani, au mwenye nyumba akikujibu kwamba barabara ni yake, usiendelee kubishana kila asubuhi. Nenda kwa mzee wa mtaa au chifu, na upeleke taarifa ofisi ya mifugo ya kaunti. Nenda na tarehe, saa, mahali, na picha kama ipo.

Anakimbia ubavuni, pua yake iko kwenye kisigino

Huyu habweki sana, na ndiye anayeogopesha. Sababu kubwa ni mguu wako unaozunguka: unamvuta kama windo linalotoroka. Pili ni nguo, ncha ya kikoi, buibui lisilokunjwa vizuri, mkanda wa begi unaopepea. Tatu ni mbwa kijana anayecheza, ambaye hajui kwamba mchezo wake unaweza kukuvunja mkono. Wa mwisho ni mbwa aliyewahi kupigwa na mtu wa baiskeli. Huyu anakuja na kisasi halisi na hatakoma kwa urahisi.

Cha kwanza, acha kupiga pedali. Miguu yote miwili ibaki juu ya pedali zikiwa sawa, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mara nyingi hilo peke yake linamfanya apunguze. Cha pili, chupa ya maji. Toboa kifuniko cha chupa ya plastiki ya nusu lita kwa msumari uliopashwa moto, matundu mawili au matatu, uiweke pale mkono unapofika bila kutafuta. Maji yakimpiga usoni mbwa hushtuka bila kuumia. Usitie pilipili wala spiriti ndani. Upepo wa bahari utakurudishia machoni mwako, na ukishafumba macho juu ya baiskeli umekwisha.

Usimpige teke. Mguu ukitoka kwenye pedali uzito wote unalalia upande mmoja, usukani unapinda, na mguu wenyewe umempelekea mdomoni.

Je, ukimbie? Kila mtu huuliza hili. Mbwa wa kawaida asiye mgonjwa anafika kilomita 30 kwa saa na zaidi kwa mbio fupi. Baiskeli nzito aina ya Black Mamba yenye kreti za mikate nyuma inakwenda kama kilomita 15. Hesabu hiyo haikupi nafasi. Kukimbia kunafaa pale tu mbwa yuko mbali bado, mbele yako ni mteremko, na barabara haina mashimo wala mchanga. Kwengineko kote unachofanya ni kuuongeza ule mwendo uliomwita.

Yote yakishindikana, shuka. Hii ndiyo njia yenyewe, na inafaa uijaribu nyumbani kwanza, huna mbwa, mpaka mwili uizoee:

Punguza kasi kwa breki ya nyuma. Shukia upande ule ambao mbwa hayupo, ili ukigusa chini baiskeli iwe tayari kati yenu. Mkono mmoja ushike usukani, mwengine ushike kiti. Akizunguka upande wako, zungusha baiskeli pamoja naye, fremu ibaki imemkabili. Usimkazie macho, tazama miguu yake ya mbele, humo utaona anataka kwenda wapi. Sasa rudi kinyumenyume, hatua ndogo ndogo, ukiisukuma baiskeli, mpaka umetoka kwenye eneo lake. Usipande mara anapogeuka. Ngoja aende kweli. Wengi huumwa pale wanaporukia kiti mapema, mguu mmoja hewani.

Kuinama kama unaokota jiwe kunafanya kazi sana kwa mbwa koko wa mjini, maana wote wameshaonja mawe. Ishara inatosha, ukirusha jiwe kweli litampata mtoto au kioo cha tuktuk, na mbwa aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliyekasirika. Kwa mbwa wa geti ambaye hajawahi kutupiwa jiwe, kuinama hakumaanishi chochote, na umemshushia uso wako karibu na meno.

Anakatiza ghafla mbele ya gurudumu

Mara nyingi mbwa huyu hata hakukuona. Anamkimbia mwenzake, anamfukuza paka, au anavuka kwenda penye moshi wa mishikaki magharibi. Hii ndiyo ajali inayovunja mifupa, ingawa hakuna aliyeumwa.

Hapa Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo kumkwepa mbwa kwa kupinda kulia ni kujitupa mbele ya magari, na kupinda kushoto mara nyingi ni kuingia mchangani ambako gurudumu la mbele huzama. Mikono yote miwili ishike usukani, viwiko vilegee, rudisha uzito nyuma kidogo, breki ya nyuma kwanza halafu ya mbele kwa upole, na gurudumu libaki limenyooka. Ikibidi kugongana, afadhali umgonge ukiwa umenyooka na kasi imeshapungua kuliko upinde ukiwa na kasi.

Kama hili limekutokea zaidi ya mara moja, kagua baiskeli kabla ya kumlaumu mbwa. Breki za vyuma za baiskeli za zamani hazishiki vizuri rimu ya gurudumu ikilowa. Raba zilizolika hubadilishwa na fundi yeyote kwa muda mfupi. Funga taa mbele na nyuma: taa inamwonyesha mbwa kwamba kitu kinakuja, na inamwonyesha dereva wa nyuma kwamba umeanguka.

Simama hapa: ukigonga kichwa, ukapoteza fahamu hata kidogo, ukatapika, ukaona vitu viwili viwili, au mkono usiinuke, usipande tena baiskeli siku hiyo. Piga 999 au 112, au mwombe mwenye tuktuk akupeleke hospitali. Baiskeli mwachie muuza duka wa karibu.

Kundi, usiku au alfajiri

Mmoja mmoja mchana wamelala chini ya mikokoteni na hawana habari na mtu. Saa kumi usiku wako kumi, na barabara ni yao. Utawakuta kandokando ya soko kubwa kama Kongowea baada ya wauzaji kuondoka, kwenye majaa ya takataka, nyuma ya bucha, na ufuoni kabla jua halijachomoza.

Sababu ya kwanza ni chakula, na chakula hicho ni taka zetu. Ya pili ni jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume. Madume hujikusanya kutoka mitaa mitano na kugombana, na anayepita katikati anaingizwa kwenye ugomvi usiomhusu. Ya tatu ni usiku wenyewe: magari yamepungua, kila kinachosonga kinaonekana.

Jaribu kwanza kubadilisha saa. Kuchelewa nusu saa, mpaka watu waanze kutoka misikitini baada ya swala ya alfajiri, mara nyingi kunalimaliza jambo. Kama chanzo ni jike, joto lake huchukua kama wiki mbili au tatu. Zunguka njia nyengine kwa muda huo halafu rudi. Kama huna njia nyengine, ngoja tuktuk au matatu ipite, uifuate kwa karibu upande wa kushoto. Kundi halipendi injini.

Ukishajikuta mbele yao, usipite katikati yao hata kama kuna nafasi. Shuka, mgongo uwe ukutani, baiskeli mbele yako, na mtafute aliye mbele ya wenzake. Huyo ndiye wa kumwelekeza sauti na maji. Akirudi nyuma, wengine humfuata. Sogea ubavu kwa ubavu ukiufuata ukuta, bila kuwapa mgongo.

Simama hapa: kama wamekuzunguka, usijaribu kutoka kwa nguvu. Piga kelele za kuita watu, gonga kengele, gonga mabati, ita soja wa jengo lolote. Ukiangushwa, jikunje, uso chini, mikono nyuma ya shingo na ngumi zimefumbwa, utulie. Ni vigumu, lakini anayerusha mikono na miguu chini huwapa cha kushika.

Mbwa mpole wa juzi, leo mkali mahali pale pale

Tazama tumbo. Ukiona chuchu zimejaa na zinaning'inia, ana watoto karibu, pengine ndani ya mtaro mkavu au gofu la nyumba. Hakuchukii, anataka uende mbali. Vuka upande wa pili, usiiname, usimpige maji, usisimame kuwatafuta watoto wake. Watoto wakifika kama miezi miwili wanakuwa wameacha kunyonya, naye hutulia. Waambie na watoto wa mtaani wasiende kuwachukua vile vijibwa, kwa sababu wao ndio wanaoumwa usoni.

Ikiwa si jike, au hana watoto, soma sehemu ya "Anayumba, anatokwa mate, hakuogopi" kabla ya kupita tena.

Wananifuata nikiwa na mzigo tu

Wachuuzi wa samaki na nyama wanaijua hii. Maji ya samaki yanachuruzika kutoka kikapuni, yanapita kwenye keria, yanaacha mstari barabarani kutoka ufuoni mpaka nyumbani kwako. Tandika plastiki nzito chini ya kikapu, na kila jioni osha keria na fremu ya nyuma kwa sabuni, hasa kwenye vifundo vya vyuma ambako magamba hukwama. Usimtupie mbwa kichwa cha samaki ili akuache. Leo atakuacha, kesho atakungoja. Akishaudaka mzigo, mwachie.

Anayumba, anatokwa mate, hakuogopi

Hapa hakuna ukaguzi rahisi wa kuanza nao. Ukimwona mbwa anatembea kama mlevi, mdomo umeachama na mate yanatoka, sauti yake imekuwa ya kukwaruza, anauma vijiti na matairi bila sababu, au anakujia kimya kimya bila kubweka na hababaiki na sauti wala maji, chukulia kwamba ana kichaa cha mbwa. Wapo pia wanaokuwa wapole kupita kiasi, wamejikunyata kivulini, taya limelegea. Huyo ndiye watu humsogelea kwa huruma wakidhani amekwamwa na mfupa, na kumtia mkono mdomoni ni hatari sawa na kuumwa.

Geuza baiskeli ukiwa bado mbali. Wapigie kelele walioko njiani, hasa watoto wanaokwenda chuoni na shuleni. Toa taarifa ofisi ya mifugo au kituo cha polisi kilicho karibu. Usijaribu kumfunga wala kumpiga wewe mwenyewe, na akiuawa asishikwe kwa mikono mitupu. Maafisa wa mifugo wanaweza kuuhitaji ubongo wake kwa uchunguzi.

Mbwa wengi wa mtaa mmoja, kila mtu analalamika

Kila mtaa una mtu wa kusema watiliwe sumu. Napinga hilo kwa nguvu zote. Sumu inaokotwa na paka, na kuku, na mtoto wa jirani. Na kama taka ziko pale pale, mbwa wengine watahamia baada ya muda mfupi, nao hawajachanjwa. Kinachokata kichaa cha mbwa ni kuwachanja mbwa: wakichanjwa walau asilimia 70 katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Mpango wa taifa wa Kenya wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu, ulioanza 2014 na unaolenga 2030, umejengwa juu ya hilo. Kwa hiyo kikao cha mtaa kiulize ofisi ya mifugo lini watakuja kuchanja, kikubaliane taka zitolewe saa gani, na kila mwenye mbwa aonyeshe cheti cha chanjo ya mbwa wake. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, ni wakati mzuri wa kudai chanjo hiyo.

Ameshauma, au amekwaruza

Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu duniani vinatoka kwa mbwa, hadi asilimia 99. Ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa mtu, yaani kuogopa maji, kuweweseka, koo kukaza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, unazuilika karibu kabisa. Kati ya kuumwa na dalili kuna miezi miwili au mitatu kwa kawaida, mara nyengine wiki moja tu, mara nyengine mwaka. Muda huo ndio ulio nao, na unaanza kutumika pale pale barabarani.

Osha, sasa hivi, kabla ya kumtafuta mwenye mbwa na kabla ya kugombana na mtu. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa. Mfereji usipotoa maji, na tunazijua siku hizo, simamisha mkokoteni wa muuza maji. Mtungi wa lita 20 ukiinamishwa ili utoke uzi mwembamba wa maji unafika dakika 15. Mtu mmoja ashike mtungi, wewe paka sabuni ya mche, suuza, paka tena, mpaka ndani ya tundu la jino. Itauma. Endelea. Ukiumwa ufuoni, maji ya bahari yanaweza kusuuza kwa kuanzia, lakini sabuni haitoi povu vizuri kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo kimbilia maji matamu mara moja. Baada ya kuosha paka ayodini au spiriti kama ipo.

Usitie pilipili, mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno wala majani ya aina yoyote. Usikubali kushonwa haraka haraka mahali popote. Mwachie daktari aamue.

Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama la sindano. Mambo yanavyopimwa ni hivi. Mbwa akikulamba kwenye ngozi nzima, osha tu. Akikuchubua bila damu, unahitaji chanjo. Jino likipenya, damu ikitoka, au mate yakiingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, unahitaji chanjo pamoja na dawa ya kinga inayochomwa ndani na pembeni ya jeraha lenyewe siku ya kwanza. Majeraha ya kichwa, uso, shingo na vidole ni ya haraka zaidi. Mjamzito na mtoto mchanga wanachanjwa pia, mimba haizuii. Uliza na sindano ya pepopunda.

Chanjo huchomwa mkononi, si tumboni kama watu wanavyosimuliana. Ratiba huhesabiwa kuanzia siku ya sindano ya kwanza, ambayo huitwa siku ya 0, halafu ya 3, ya 7, ya 14, na katika ratiba nyingi ya 28. Daktari atakuambia utumie ipi. Mwambie kama uliwahi kuchanjwa zamani, maana idadi itapungua. Piga simu kabla ya kwenda ukiweza, kwa sababu kituo kimoja kinaweza kuishiwa. Wakikuambia haipo, waulize pale pale ni kituo kipi kinayo, usirudi nyumbani kungoja.

Sasa mtafute mwenye mbwa. Omba cheti cha chanjo, na umwombe amfunge amwangalie siku 10 huku akimpa maji na chakula. Mbwa akibaki mzima siku hizo 10, hakuwa na ugonjwa kwenye mate siku alipokuuma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini usingoje siku 10 ndipo uanze. Anza, ndipo mbwa aangaliwe. Na mwenye mbwa akiapa kwamba mbwa wake hana neno, mpe heshima yake, kisha nenda hospitali vile vile.

Andika tarehe zote za sindano kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango, umpe na mtu wa nyumbani nakala. Watu huacha katikati, hasa baada ya siku ya 7 jeraha likishafunga, kwa sababu ya nauli, au kazi, au kwa kuona hawaumwi. Jeraha kufunga hakuhusiani na virusi. Ukikosa siku moja, nenda kesho yake na uwaeleze. Usiache kwa aibu.

Kama umesoma mpaka hapa na unamkumbuka mbwa aliyekuuma wiki kadhaa zilizopita, hukuchanjwa, na mbwa huyo hakuonekana tena, hujachelewa maadamu huna dalili. Nenda leo, useme tarehe uliyoumwa, na umwonyeshe daktari kovu.